Sale la Mstahiki Meya

Siku matokeo ya ubunge yalipotangazwa, huku kwetu Kilema, mlimani, kila mtu alishangilia isipokuwa mimi na ng'ombe wangu. Ng'ombe alikuwa na sababu zake, maana nilichelewa kumkatia majani. Sababu yangu mimi ni kwamba mshindi nilikuwa namfahamu. Sisemi kumfahamu kwa picha zilizobandikwa kwenye kuta za maduka, hapo kila mtu alikuwa anamfahamu. Mimi nimeishi chini ya utawala wake.

Kabla Thadeus hajarudi nyumbani kuomba kura, alikuwa meya wa jiji kubwa huko mbali, na mimi Zita nilikuwa mama lishe katika jiji hilohilo. Nilikuwa napika nyuma ya stendi pamoja na rafiki yangu Beatrice, mtoto wa Machame, Mlutheri wa kwelikweli ambaye hakuwasha moto kabla ya kuimba. Siku moja Mstahiki Meya alikuja pale na msafara wake, akapanda juu ya benchi letu la wateja, akatuahidi kwamba hakuna atakayeondolewa kabla vibanda vipya havijakamilika. Tulimpigia makofi. Beatrice alimpa sahani ya wali na maharage, naye akala akamaliza.

Miezi michache baadaye, asubuhi, likaja tingatinga na mgambo wa jiji. Maharage yalikuwa jikoni. Tuliokoa sufuria moja. Vibanda vipya vilikuja kukamilika mwaka uliofuata, na kusema kweli vilikuwa vizuri, ila sisi tulioahidiwa tukaambiwa tusubiri, na hadi naondoka jijini bado tulikuwa tunasubiri. Nilirudi nyumbani, kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, nilichoachiwa na mama, nikachukua na nafasi yake kwenye gulio, pale anapouzia ndizi kila mwanamke wa ukoo wetu tangu zamani. Beatrice alikataa kurudi mikono mitupu. Mpaka leo anazungusha karanga kwenye mataa ya barabarani.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini sikushangilia.

Thadeus hakukaa hata akapumzika. Baada ya kuapishwa tu akatangaza kwamba Kilema itapata soko la kisasa, la ghorofa, lenye paa na maji ya bomba, na kwamba litajengwa palepale penye gulio. Wanawake tuhamie uwanja wa mpira kwa muda mfupi. Muda mfupi! Nilipoyasikia hayo maneno nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi mshare kichwani, nikaushusha chini nikaukalia.

Gulioni watu wakagawanyika. Wengine walisema tumepata mtu wa maendeleo, tusimwekee vikwazo. Wengine walisema tukishatoka hapa haturudi. Salvina, mwenyekiti wetu, mwanamke mpole asiyependa ugomvi hata wa kuku, akaja kwangu akiwa amechoka.

"Zita," alisema, "sisi wengine tunabahatisha tu. Wewe umekaa na huyu mtu akiwa meya. Jumamosi anakuja gulioni kutuuliza. Ukisimama ukasema ni wa kuaminiwa, tunahama. Ukisema siye, hatuondoki. Nimeshaongea na wenzetu, wamekubali."

"Kwa nini mnanitwika mimi?"

"Tumtwike nani?"

Nilimwambia nitasema. Usingizi ukawa wa taabu kidogo, maana nilijua nitakachosema na nilijua jinsi nitakavyokisema. Nilikuwa nimeshapanga matusi yote kwa mstari, na hakukuwa na hata moja la kanisani.

Habari za kijijini hazina breki. Alhamisi alasiri nilikuwa uani nikimenya ndizi za mtori, nikamwona Thadeus anashuka peke yake kwenye njia ya migombani, amevaa suti, hana msafara wala mpiga picha. Mikononi ameshika sale.

Ninyi ambao si wa mlimani, niwaambie hili mara moja. Kwetu mtu akikukosea akakuletea jani la sale, unamsamehe. Huulizi kosa lina ukubwa gani wala hupewi siku za kufikiri. Nimeona watu wakisamehewa mambo mazito sana kwa jani hilo, na mara nyingine aliyesamehe ndiye aliyelia. Thadeus alizaliwa hapa hata kama amekulia mjini, kwa hiyo alijua analolifanya. Alikuwa anakuja kunipokonya matusi yangu yote ya Jumamosi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Shikamoo, dada Zita."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Nimekuja kwa ajili ya yale ya stendi," alisema, akanyoosha mikono yote miwili.

Hapo ndipo nilipolitazama lile sale vizuri. Halikuwa jani. Lilikuwa sale zima, na shina lake, na mizizi, na udongo mbichi unaodondokea viatu vyake.

"Mheshimiwa, hilo sale umelitoa wapi?"

"Hapo njiani."

"Njiani wapi?"

Akageuza shingo kidogo kuelekea alikotoka. "Hapo chini. Kwenye ua."

Akajieleza. Shangazi yake alimpigia simu akamkaripia kwamba huwezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu kama mkusanya kodi, na yeye wakati huo alikuwa ameshafika chini ya kihamba changu. Akaona masale yamejipanga. Akavuta jani moja. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi, likatoka lote.

Yesu na Maria. Masale yaliyojipanga ni mpaka! Ndiyo mawe yetu ya mpaka, ndiyo hati zetu, yamepandwa na watu ambao wengine wako kaburini. Hapa kwetu ndugu wa tumbo moja wananyamaziana mpaka uzeeni kwa sababu ya sale moja lililosogezwa. Anayeling'oa haitwi mkulima, anaitwa mwizi wa ardhi. Na mpaka ule ni kati yangu na Meku Filbert, mzee ambaye kila asubuhi huyapitia masale yake kwa macho kabla hajanywa chai.

Sikupata nafasi ya kusema lolote, kwa sababu Meku Filbert mwenyewe alitokea kwenye migomba na mzigo wake wa majani ya ng'ombe.

"Nani amegusa mpaka?" aliuliza, kwanza kwa Kichagga, halafu alipoona suti akarudia kwa Kiswahili. "Nauliza, nani amegusa mpaka?"

"Shikamoo, Meku," alisema Mbunge wetu, na sale mkononi.

Nilicheka. Nilijitahidi kujizuia nikashindwa, nikacheka mpaka kisu kikaanguka kwenye beseni la ndizi. Mtu amekuja kuniomba radhi, na hiyo radhi yenyewe ameing'oa kwangu! Na katika kucheka huko nikamwona Thadeus kwa mara ya kwanza, nikauona umeya wake wote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayehitaji kitu kwa ajili ya jambo zuri, anakiona kiko karibu, anakivuta. Haingii akilini mwake kuuliza ni cha nani, na anashangaa kikitoka na mizizi.

Meku Filbert yeye hakucheka. Alitua mzigo, akamtazama Mheshimiwa kuanzia kwenye tai hadi kwenye matope.

"Meku," nilimwambia, "ameniletea sale. Sasa sijui kama sale la namna hii linahesabika."

Mzee akakuna kidevu. Nadhani alifurahi kuulizwa, maana hasira ilimpungua.

"Sale ni sale," alisema hatimaye. "Limeshafika mbele yako, halirudi lilikotoka bila jibu. Lakini mpaka nao ni mpaka. Avunje jani moja akupe wewe. Lililobaki alirudishe yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na mimi nikiwepo."

Basi tukashuka wote watatu. Thadeus akapiga magoti na suti yake, akaanza kufukua kwa vidole.

"Hapa," alisema Meku Filbert, akionyesha kwa kidole cha mguu, upande wangu.

"Meku, shimo lile pale, linaonekana," nilimwambia.

"Lile si shimo, ni panya."

"Meku!"

"Haya, palepale. Lakini lisimame wima, lisije likalalia kwangu." Kwamba angefurahi zaidi likilalia kwangu, hilo hakulisema.

Mbunge wa jimbo letu alilishindilia udongo kwa viganja, huku sisi wawili tumesimama juu yake tunagombania upana wa kiganja. Hakuinuka kabla mzee hajaridhika. Hilo nalo nililiona, nikaliweka.

Tuliporudi uani aliosha mikono, akanipa lile jani alilokuwa amelivunja kabla ya kulipanda sale. Nikalipokea.

Sikufurahi. Niseme ukweli, niliumia. Hasira ile nilikuwa nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na marehemu mume wangu, na ilikuwa imenipa nguvu za kuamka asubuhi nyingi. Sasa nilikuwa natakiwa kuiacha, hivihivi, kwa jani moja. Nilimwambia nimesamehe. Yeye akafuta uso. Nikampakulia mtori, kwa sababu mtu hawezi kutoka kwangu na njaa hata awe nani, na alikula kama alivyokula siku ile juu ya benchi letu.

"Basi Jumamosi nitakuja na amani," alisema alipokuwa anaaga.

Nilikuwa sijui tena nitasema nini.

Kesho yake nikampigia Beatrice. Msamaha wangu ulikuwa wa kwangu peke yangu, na nilitaka ajue. Nilisikia magari yanapita nyuma yake. Nilimweleza habari yote, ya soko, ya sale, hata ya Meku Filbert na panya wake, akacheka sana. Nikamwuliza nitakwenda kusema nini.

"Wewe ulitaka kusema nini?"

"Kwamba alituharibia maisha."

"Alituharibia," alisema. "Karanga hizi nazungusha kwa sababu yake. Lakini juzi mvua imepiga usiku kucha, Zita. Unakumbuka tulivyokuwa tunainua magodoro? Tangu achimbe ule mfereji wake, maji hayajaingia ndani hata siku moja. Watoto wa jirani wanalala. Usije ukaacha hilo."

"Kwa hiyo nimsifie?"

"Nazungusha karanga kwa sababu yake, na nalala pakavu kwa sababu yake. Yaseme yote mawili. Usinichagulie."

Halafu taa zikaruhusu, au zikakataza, akakata simu akawahi wateja.

Jumamosi gulio lilijaa kuliko siku ya kuamkia Krismasi. Thadeus alifika na suti nyingine na picha kubwa ya soko jipya imebandikwa kwenye ubao. Ilikuwa nzuri kweli. Kulikuwa na wanawake wamechorwa wanauza ndizi, wote wembamba, wote wanacheka. Alizungumza kwa ufupi, akakaa. Salvina akasimama, akaniita.

Nilikuwa nimezoea kupaza sauti kuuza wali kelele za mabasi zikinizidi, lakini siku ile nilisema taratibu.

Nilianza na mfereji. Nikawaambia jinsi mtaa wetu ulivyokuwa unaogelea kila masika, na jinsi mameya watatu waliomtangulia walivyokuja kupigwa picha na maji yakiwa magotini, na kwamba huyu ndiye aliyechimba. Nikawaambia alijenga vyoo sokoni, na vilikuwa na maji. Nikawaambia mgambo mmoja aliyezoea kula rushwa za akina mama alifukuzwa kazi, na sisi tukamsindikiza kwa vigelegele. Thadeus alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wake waliokuwa nyuma walianza kutabasamu, na Gladys, anayeuza parachichi na ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa kuhama, akaanza kufunga vitu vyake.

Halafu nikawaambia habari ya benchi. Nikawaambia alichoahidi, na sahani aliyokula, na asubuhi ile, na maharage jikoni, na vibanda vizuri vilivyojaa watu ambao hatukuwa tukiwajua. Sikuongeza chumvi. Haikuhitajika.

"Sisemi alitudanganya," nilimalizia. "Naamini alipokuwa anaahidi alikusudia. Lakini alikuwa na haraka, na katika haraka zake zote aliyeumia hakuwa yeye. Mimi ameniomba radhi, nimemsamehe, hatudaiani. Rafiki yangu Beatrice bado yuko kwenye mataa na karanga zake, na ndiye aliyenituma niwaambie habari ya mfereji."

Gladys alikuwa amesimama na gunia lake nusu limejaa.

"Sasa tunahama au hatuhami?" aliuliza.

"Ukiniuliza kama atajenga, atajenga. Namwamini. Ukiniuliza kama tutakaokaa humo ni sisi, hilo silijui, na hata yeye halijui, ingawa anadhani analijua. Mimi nasema soko alijenge kwanza kule uwanjani, sisi tukiwa bado hapa. Nikiuona mlango wangu, nikipewa ufunguo wake, nitabeba ndizi zangu mwenyewe bila kusukumwa."

Salvina aliwaomba wanaokubali kuhama wanyooshe mikono. Nilimtazama Gladys. Alifikiri, akaitazama ile picha, halafu akakaa na kuanza kutoa parachichi kwenye gunia moja moja. Hakuna mkono ulionyooka.

Thadeus alisema amesikia na ataheshimu. Ni maneno wanayosema wote. Lakini hakupanda gari mara moja. Alikuja nilipokuwa nimekaa, akasimama mbele ya ndizi zangu kama mteja asiye na hakika.

"Dada Zita, ulilipokea sale."

"Nililipokea."

"Nilidhani..." Akaacha.

"Nilijua unadhani nini. Nilishindwa kukuambia, maana wakati ule mwenyewe nilikuwa sijui."

Akatazama wanawake waliokuwa wanapanga bidhaa zao upya. "Ungenitukana leo ningekujibu," alisema taratibu. "Nilikuwa nimejiandaa. Ningesema huyu mama ana kinyongo cha kibanda chake, na wengi wangenikubalia."

"Wangekukubalia. Na kabla ya Alhamisi ningekutukana kweli."

Nikaona jambo lenyewe linamwingia. Alikuwa amenifuata hadi nyumbani kwangu kunivua kile pekee ambacho kingemsaidia leo. Nilimwonea huruma. Nilitamani hata nimpe mkungu mmoja aende nao.

"Huyo Beatrice," aliuliza, "yuko mataa gani?"

Nikamtajia. Alipajua; alikuwa akipita hapo kila siku akiwa meya, kwenye kiti cha nyuma.

"Mwambie nitakwenda kumwona."

"Simwambii," nilisema. "Wewe nenda. Ukifika, yeye mwenyewe atanipigia."

Alitikisa kichwa kukubali, akaniaga vizuri, akaenda. Mimi nilikuwa na tabia ya kuiacha simu ndani ninapokwenda shambani, kwa sababu matope na simu havipatani. Tangu Jumamosi ile naifunga kwenye pindo la khanga, na ng'ombe akilia nikadhani ni yenyewe, naacha panga chini na kuitazama.